Fimbo ya Makabidhiano

Mzee Changu hakuzaliwa na jina hilo. Wazazi wake walimpa jina zuri tu la kuitwa mbele za watu, ila wapangaji wake walimvua hilo wakamvika hili, likamkaa kama ngozi. Mwenyewe aliwapa kitambaa. Neno "changu" ndilo lililomtoka mdomoni kuliko mate. Ndege akitua juu ya bati, utamsikia: "Ametua kwangu huyo." Kivuli cha ukuta wake kikivuka barabara mchana kikamfunika mpita njia, humwambia, "Pumzika, mwanangu, pumzika. Kivuli ni changu lakini sina choyo."

Maisha yake yote kabla ya kustaafu alikuwa mtunza ghala. Na mtunza ghala unaweza kumtoa ghalani, lakini ghala kulitoa ndani yake ni kazi nyingine. Huko alikotoka hakuna kitu kilichobadilisha mikono bila makabidhiano. Watu wawili husimama mbele ya kitu, kiwe kikubwa kiwe kidogo. Mwenye fimbo hukigonga na kuuliza, "Hiki cha nani?" Mwenziwe hujibu kwa sauti ya kusikika, na tangu hapo kikipotea, kikioza, kikiliwa na panya, inajulikana nani ataulizwa. Mtunza ghala anaweza kudanganya kuhusu umri wake, kuhusu mvua, hata kuhusu samaki aliyemponyoka. Kwenye makabidhiano hadanganyi. Akidanganya hapo, hana tena kazi wala jina.

Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani ambayo haijawahi kutembea hata hatua moja. Fimbo alijipa mwenyewe, bila makabidhiano.

Akarudi kwenye nyumba yake: vyumba vimejipanga mstari mmoja kama watu kwenye foleni, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na chumba cha mbele anachokaa yeye. Kuta zake ni za tofali mbichi zilizopakwa lipu nyembamba, na alizipenda kuta hizo kuliko baadhi ya ndugu. Alikuwa akizipapasa asubuhi kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa.

Mpangaji mpya akija, fimbo ilifanya kazi. Na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Kitu kizima alikigonga na kujijibu mwenyewe upesi, "Changu!" Kitu kibovu alikigonga, akauliza, "Hiki cha nani?" kisha akanyamaza, anaangalia pembeni, anasubiri. Usiposema "changu", ufunguo huuoni.

Ndivyo alivyoingia Mama Sindano, fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, ambaye alikuwa akiweza kugombana na mtu bila kuziangusha pini hizo.

"Hiki cha nani?" Mzee Changu aligonga mlango. Mlango ule ulikuwa umeliwa na mchwa hadi ukibisha hodi, kidole kinaingia ndani kabla yako.

"Si chako, mzee? Nyumba si yako?"

"Kikiwa changu, kitabaki hivihivi. Kikiwa chako, utakitengeneza utakavyo. Mimi simbani mtu."

Mama Sindano alitazama dirisha. Lilikuwa tundu lililotundikwa gunia, lakini lilitazama barabara, na mwanga wake ulikuwa mwanga wa kutungia uzi bila kukunja uso. Mwanga kama huo haupatikani hovyo.

"Haya, changu."

Dirisha? "Changu." Bati, ambalo lilikuwa na matundu mengi mpaka mvua ikinyesha ilikuwa inaanzia ndani ndipo itoke nje? Alicheka, akatikisa kichwa, "Changu na hilo." Dari haikuwepo, lakini Mzee Changu alipogonga mahali ambapo ingekuwepo, Mama Sindano alijibu pia. Mwisho fimbo ikafika ukutani. Ko! ko!

"Kuta?" aliuliza Mama Sindano.

"Ah, kuta ni nzima hizi. Changu!"

Akaingia. Kidogo kidogo, kadiri sindano ilivyomzalia, akamwita seremala akamwekea mlango wa mbao ngumu wenye kitasa cha kung'aa. Akaweka dirisha la kioo na wavu. Akabadilisha bati lote, lile la zamani likiwa limegeuka kutu tupu mikononi mwa seremala, akapigilia dari nyeupe. Ule mlango wa mchwa na lile gunia la dirishani hakuvitupa, aliviegesha nyuma ya nyumba, akavifunika. "Vya mwenyewe hivyo," alimwambia jirani yake, kinyozi, aliyekuwa na kibanda chake upande wa barabara na chumba chake ubavuni mwa Mama Sindano. "Siku moja ataviulizia."

Chumba kikapendeza mpaka watu wa mbali waliingia wakidhani ni ofisi, wakatafuta pa kukaa wasubiri kuitwa. Na aliyekipenda kuliko wote ni Mzee Changu. Alikuwa na ufunguo wa akiba, na ufunguo wa akiba mkononi mwake haukuwa wa akiba hata kidogo. Alikuwa akifungua na kuingia wakati wowote, anasimama katikati, anaitazama dari, anatabasamu, anatoka. Kuna siku aliingia mteja akiwa anapimwa kiuno, nguo ya juu iko kwenye kiti. Ukelele uliotoka pale, kinyozi alisema ulimnyoa mtu kipara upande mmoja, yeye mkono wake haukusogea.

"Mzee, hodi iko wapi?" Mama Sindano alimuuliza kupitia pini.

"Hodi kwangu mwenyewe? Fundi, sikiliza. Mwenye nyumba haingii. Anarudi."

Basi wakaishi hivyo, mpaka dada yake Mzee Changu alipopiga simu.

Huyu dada alikuwa mzaliwa wa kwanza na Mzee Changu mzaliwa wa mwisho, na katikati yao kulikuwa na miaka ya kutosha kwa yeye kumbeba mgongoni, kumfuta kamasi na kumtandika. Watu wote waliomjua walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Mdogo wake akiwa mbele ya wapangaji alikuwa simba. Akiwa kwenye simu na Dada Mkubwa, alikuwa akisimama wima na kuvua kofia.

Na kwenye simu hiyo, mwaka hadi mwaka, alikuwa amejenga jumba. Maneno hayahitaji saruji. "Dada, nina chumba cha wageni," alikuwa akimwambia. "Dari nyeupe pe! Dirisha la kioo. Mlango, ukiufunga, unasikia pumzi yako tu."

"Mwanangu unafanya vizuri," Dada Mkubwa alikuwa akijibu. Sifa hiyo ilimshibisha wiki nzima.

Siku hiyo alisema neno jingine. "Kitinda," ndivyo alivyomwita, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, "magoti yangu yamechoka na upweke. Nakuja kukaa kwenye hicho chumba chako cha wageni. Kesho nafika."

Chai ilimpalia Mzee Changu. Alikohoa, akasema, "Karibu sana, dada," akakata simu, akaendelea kukohoa. Aibu ya kuonekana mwongo mbele ya aliyemfuta kamasi ilikuwa nzito kuliko jiwe la kusagia. Njia aliiona moja tu. Alichukua ufunguo wa akiba.

Akaingia. Mama Sindano alikuwa amezungukwa na sare za shule, zimetundikwa ukuta mzima kama wanafunzi waliopewa adhabu ya kusimama. Shule zilikuwa zikikaribia kufunguliwa.

"Fundi, chumba kinahitajika. Kesho jua likifika utosini uwe umetoka."

Cherehani ilinyamaza. Mama Sindano alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa. Hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Nimechelewesha kodi, mzee?"

"Hapana. Kodi yako inafika kabla sijaikumbuka."

"Nimekutukana?"

"Bado."

"Basi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Dada yangu anakuja."

"Aje salama, Mungu ampe safari njema. Lakini mzee wangu, nina sare za shule nzima hapa. Wazazi wanajua dirisha hili. Nikihama ghafla hivi, watanitafuta wapi? Nipe mwezi nitafute pengine kwa utulivu. Mpangaji hupewa notisi, hata sheria inasema."

"Sheria imetungwa na watu wasiomjua dada yangu."

Kinyozi alikuwa amekwisha kusogea mlangoni na mkasi wake, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu, shuka shingoni. "Mzee Changu, huyo si kuku wa kufukuzwa na ufagio," alisema.

"Wewe nyoa kichwa kilichokutuma! Nyumba yangu, mdomo wangu ndio sheria."

Mama Sindano alitazama dari yake. Akatazama dirisha lake. Kisha akamtazama mwenye nyumba, na kwenye pembe ya mdomo, pale pini zilipokuwa, kikatokea kitu kama kicheko kilichofungwa fundo.

"Sawa, mzee. Nimesikia. Ila nilipoingia tulikabidhiana. Nikitoka tukabidhiane."

Mzee Changu alijikuta anatabasamu bila kutaka. Hakuna aliyewahi kumuomba makabidhiano kwa hiari. "Hapo umesema neno la kiutu uzima! Kesho asubuhi nakuja na fimbo. Kila mtu achukue chake, aniachie changu. Mashahidi ni hawa. Hata sindano yako moja ikibaki, nitakukimbizia nayo barabarani!"

"Umesema mwenyewe, mzee," alisema Mama Sindano, akarudisha pini mdomoni.

Asubuhi Mzee Changu alivaa shati lililonyooshwa mpaka mikunjo inakata, akachukua fimbo, akatoka kama anakwenda kufungua mkutano. Uani alikuta wapangaji wote wamekwisha kukaa juu ya ndoo na vigoda. Alidhani wamekuja kumheshimu. Alikuta pia seremala na sanduku la vifaa, na ngazi imeegeshwa ukutani, na kinyozi amepanda juu yake, kibanda kakifunga. Sare zote za shule zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa humo kibandani. Hili lilimshangaza kidogo, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye kazi.

Ko! Cherehani. "Hiki cha nani?"

"Changu," alisema Mama Sindano. Ikatoka.

Ko! Kioo cha kujitazamia. "Changu." Kikatoka. Meza, pasi, viti, ndoo. Kazi ilikwenda kama maji, na Mzee Changu alijisikia kijana. Chumba kikabaki kitupu, cheupe, kinang'aa. Alivuta pumzi akamwona Dada Mkubwa ameketi humo kama malkia.

"Haya fundi, safari njema. Tumemaliza."

"Bado, mzee. Naomba fimbo."

Alimpa. Hata leo hajui kwa nini alimpa. Mama Sindano akasogea mlangoni, akagonga zile mbao ngumu. Ko!

"Hiki cha nani?"

"Huo ni mlango."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza cha nani."

Ua ulinyamaza hadi bomba likasikika linavyodondoka. Mzee Changu alifungua mdomo, na lile neno lake likaja mbio hadi ncha ya ulimi. Likasimama hapo. Kwani makabidhiano ni makabidhiano. Alimkumbuka mwanamke mwembamba amesimama mlangoni hapohapo, anasema "Haya, changu," na yeye amefurahi kama aliyeuza ng'ombe kilema. Alitazama juu, akatazama chini, akamtazama seremala, seremala akatazama nyundo.

"Cha... chako."

"Sauti, mzee," alisema kinyozi kutoka juu ya ngazi. "Huku ghala la juu hatusikii."

"Chako, nimesema!"

Seremala akafungua bawaba. Mlango ukatoka umebebwa kichwani, kitasa kinang'aa kwa dharau.

Ko! Dirisha. "Chako." Ko! Dari. "Fundi, hebu dari tuiache, ni nzuri ikiwa juu..." "Hiki cha nani, mzee?" "Chako." Dari ikashuka ubao kwa ubao, na vumbi la miaka likamshukia Mzee Changu kwenye lile shati. Mwisho kinyozi akaanza kukusanya mabati, na kila bati lililotoka liliacha kipande cha mbingu mahali pake.

"Kuta ni zangu!" Mzee Changu alipiga kelele, ameshika moja kwa mikono miwili.

"Kuta ni zako, mzee wangu, hongera," alisema Mama Sindano. "Tena nina deni la adabu hapo. Nilipigilia misumari ya kutundikia nguo bila kukuuliza. Mpangaji hatoboi ukuta wa mtu bila ruhusa. Nisamehe, naziba."

Na kweli, akakoroga lipu kwenye bakuli, akaanza kuziba tundu moja moja, taratibu, kwa kidole, akilainisha na kupuliza, ndani ya chumba kisicho na paa, mlango wala dirisha. Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na mlango wa mchwa akauegesha mlangoni, akatundika lile gunia dirishani, akalinyoosha pembe.

"Nilivyokikuta ndivyo ninavyokuachia," alisema. "Kiangalie kama kuna upungufu."

Ndipo gari likasimama barabarani, na sauti ikatangulia kuingia kabla ya mwenyewe. "Wenyewe hodi! Kitinda uko wapi, baba?"

Dada Mkubwa alikuwa mnene wa kutosha, mfupi wa kutosha, na alikuwa amebeba sanduku la bati ambalo dereva wa teksi alikuwa amejaribu kulibeba akashindwa. Alilitua uani. Akawaona watu, mbao, mabati, cherehani. Akamwona kitindamimba wao mweupe kwa vumbi kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga.

"Karibu, dada," alisema Mzee Changu, amesimama wima, amevua kofia.

"Asante. Chumba cha wageni kiko wapi?"

"Kiko... kinapata hewa."

Dada Mkubwa alisogea kwenye mlango wa mchwa, akaugusa kwa kidole. Mlango ukafikiri kidogo. Kisha ukashuka chini wote kwa pamoja, bila kelele, ukawa rundo la unga wa mbao miguuni pake. Akauvuka, akaingia, akatazama juu.

"Dari nyeupe iko wapi?"

Wingu dogo lilikuwa likipita. "Ile pale, Shangazi," alisema kinyozi, akilinyooshea kidole kutoka ukingoni mwa ukuta. "Wahi, inaondoka."

Uani watu walianguka kwa kicheko. Dada Mkubwa hakucheka. Alimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo Mzee Changu hakuwa ameliona tangu alipovunja mtungi wa mama yao akamsingizia mbuzi.

"Kitinda. Chumba hiki kilikuwa cha nani?"

"Changu, dada. Ila vilivyokuwa ndani yake..."

"Shangazi, karibu, samahani kwa vumbi," alisema Mama Sindano, akijifuta lipu vidoleni. "Mimi ni mpangaji, nilikuwa nahama. Mlango ulikuwa wangu, na bati, na dari. Mzee alinikabidhi vikiwa vibovu nikavitengeneza. Kuta ndizo zake."

"Unahama kwenda wapi?"

"Sijui bado. Nimeambiwa jana."

Dada Mkubwa aliguna mguno mrefu. Akanyoosha mkono, akaichukua fimbo kwa Mama Sindano, akaipima uzito kama anayenunua mwiko.

"Basi mimi ndiye mpangaji mpya. Nami nikabidhiwe. Kitinda, simama hapa." Akainyanyua fimbo, akagonga ile nafasi kubwa iliyokuwa paa. "Hiki cha nani?"

Mzee Changu alifanya alivyozoea. Alinyamaza, akaangalia pembeni, akasubiri.

Dada Mkubwa naye alisubiri. Kusubiri alikuwa amekuzoea. Alikuwa amemsubiri mtu huyuhuyu aote meno.

Kwa mbali radi ilinguruma. Lile wingu dogo lilikuwa limekwenda kuwaita ndugu zake, na sasa lilirudi na ukoo mzima. Tone moja lilianguka juu ya kipara cha Mzee Changu, likatulia hapo, kisha likateremka hadi puani.

"Nimekubeba mgongoni nikupe na bati?" Dada Mkubwa aliuliza taratibu.

"Cha... changu."

"Sauti."

"Changu!"

"Nani atakitengeneza?"

Hilo swali lilikuwa lake mwenyewe, na jibu pia lilikuwa lake. Alilitema kama jino. "Mwenye nacho."

Ko! Tundu la dirisha. "Changu." Ko! Rundo la unga wa mlango. "Changu." Dada Mkubwa akatoka naye uani, wapangaji nyuma yao kama harusi. Ko! Bomba linalodondoka. "Changu." Ko! Mlango wa choo, ambao ulikuwa pazia la maua, kila upepo ukivuma mtu ndani anakohoa kujitetea. "Changu, dada, changu." Kwa mara ya kwanza maishani lile neno lilikuwa chungu kinywani mwake, na kila alipolitamka mabega yake yalishuka kidogo, kama anayetwishwa mizigo.

Walipofika kwenye mtaro uliojaa maji meusi, akapata nguvu. "Hapo hapana! Mtaro ni mzima. Umezibwa na nywele!"

Kinyozi, aliyekuwa ameshuka kuja kufaidi, alianza kutazama mawingu.

"Nywele za nani?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Za wateja, Shangazi."

"Wateja wa nani?"

"...Wangu."

"Basi zitoe. Nyumba si ya mtu mmoja kuila na mwingine kuitapikia." Kinyozi alikunja suruali akaingia mtaroni. Mzee Changu alijisikia nafuu kidogo.

Nafuu haikudumu. Matone yakaongezeka, puta, puta, juu ya ndoo. Mama Sindano aliketi kwenye kiti chake chini ya upenu, amekunja mikono.

"Mzee wangu," alisema, "tofali zako ni mbichi, si ndiyo? Lipu nayo nyembamba. Zikinyeshewa kutoka juu..."

Hakumalizia. Mzee Changu alikuwa amekwisha kuona. Kuta zake! Kitu pekee mle ndani kilichokuwa chake, na kilikuwa kinakwenda kurudi kuwa tope lililochimbwa. Alikimbilia ngazi. "Bati! Kinyozi, seremala, leteni bati!"

Kinyozi aliacha mtaro akanyakua bati, akapanda, akasimama. "La nani hili, mzee? Mimi sishiki mali ya mtu bila makabidhiano."

Watu wote wakamtazama Mama Sindano.

"Langu," alisema Mama Sindano. "Na litarudi juu kama mimi narudi ndani."

"Rudi! Rudi, mwanangu, nani kakuzuia?"

"Na siku ukikitaka chumba?"

"Nitakwambia mapema! Mwezi! Zaidi!"

"Na likivuja?"

Mzee Changu aliutazama ukuta wake. Mstari mwembamba wa matope ulikuwa umeanza kushuka kwenye lipu kama chozi. "Bati ni lako," alisema, na maneno yalimtoka kwa shida lakini yalitoka mazima, "ila likivuja, linavuja kwangu. Niite mimi."

"Na hodi?"

Hapo alisita. Mambo yote mengine yalikuwa ya bati na mbao. Hili lilikuwa la moyo. Mtu abishe hodi kwake? Mvua ikazidi.

"Mzee, kubali upesi!" kinyozi alipiga kelele kutoka juu, bati kichwani kama kofia. "Nimelowa hadi nia!"

"Kitinda," alisema Dada Mkubwa.

"Hodi nitabisha!" Mzee Changu alilia. "Nitabisha, nitabisha, pigilia!"

Hata mvua haijakaza vizuri, mabati yalikuwa juu, na aliyeshika ngazi, kalowa kama kuku, alikuwa mwenye nyumba. Mama Sindano aliruka naye kwenye maji kumpokelea mbao. Mlango ukarudi kwenye bawaba zake. Ukuta ulipata kovu dogo tu, na Mama Sindano, kwa kuwa lipu ilikuwa imebaki kwenye bakuli, aliliziba siku hiyohiyo bila kuambiwa.

"Sasa mimi nitalala wapi?" Dada Mkubwa aliuliza walipokwisha kujikausha, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kulisukuma sanduku lake hadi kwenye chumba cha mbele. Mzee Changu alihamia stoo, pamoja na saa yake isiyotembea. Stoo ilikuwa yake tangu msingi, haijawahi kukabidhiwa kwa mtu, kwa hiyo haikuwa imetengenezwa na mtu. Asubuhi ya kwanza aliamka na mguu mmoja umelowa. Kwa mazoea aliigonga dari, akauliza kwa sauti ndogo, "Hiki cha nani?" Akajibu mwenyewe, akaenda kumtafuta seremala.

Choo kikapata mlango. Bomba likaacha kudondoka, na wapangaji waliokuwa wamezoea kulala kwa mdundo wake walilalamika. Kinyozi akaweka wavu kwenye mtaro, na nywele zake akawa anazichoma mbali.

Siku moja rafiki wa zamani wa ghalani alimtembelea Mzee Changu, na Mzee Changu akatamani kumwonyesha ile dari. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukashika ufunguo wa akiba. Alifika mlangoni, ufunguo ukaelekea kwenye kitasa. Dirishani mwa chumba cha mbele mtu alikohoa.

Ufunguo ukarudi mfukoni. Akanyoosha shati, akainua fimbo, akagonga mara moja, polepole.

"Hodi!"

"Nani?" Cherehani haikusimama.

"Mwenye nyumba."

"Subiri, mzee, namalizia mshono."

Ulikuwa mshono mrefu. Ungeweza kuuzungusha mji wote pindo, ukabaki uzi wa kufungia fundo. Rafiki yake alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, akamnong'oneza, "Nyumba si yako hii?"

"Yangu."

"Sasa umesimama hapa unasubiri nini?"

Mzee Changu alipitisha kiganja juu ya zile mbao ngumu, akakitazama kitasa kinavyong'aa, akamwona humo mzee mmoja mwenye kichwa kirefu na fimbo.

"Namsubiri mwenye mlango," alisema.